Sicherheit: Je, Kiingereza Kimefaidi kwa Kuligawa Neno Moja?

Fungua kamusi yoyote nzuri ya Kijerumani na Kiingereza penye neno Sicherheit, utapewa rundo la majibu: safety, security, certainty, reliability, na kwa watu wa benki hata dhamana ya mkopo. Wakili atachukua moja, mtu wa benki jingine. Anayetafsiri mwongozo wa mashine au mkataba wa mtambo hubaki na mawili ya kwanza, na hapo ndipo kazi inapomgomea.

Kwa wahandisi wanaoandika kwa Kiingereza, safety ni kukingwa na ajali: kipuri kimechoka, breki imekatika, mtu ameteleza, na hakuna aliyekusudia. Security ni kukingwa na mtu mwenye nia mbaya: mwizi, mhujumu, mdukuzi, gaidi. Mjerumani huyaita yote mawili Sicherheit. Sisi nasi tunayaita yote mawili usalama. Usalama barabarani ni wa ajali, Usalama wa Taifa si wa ajali, na sijaona Mtanzania aliyeyachanganya hayo mawili kwa sababu tu neno ni lilelile.

Wapo wanaoamini kwamba Kiingereza kimewazidi Wajerumani hapa, na hoja zao si za kubeza. Ya kwanza ni ya hisabati. Kiwango cha kimataifa IEC 61508, kinachoitwa kwa Kijerumani Funktionale Sicherheit na kwa Kiingereza functional safety, kinahusu mifumo ya umeme na elektroniki inayozuia mitambo isidhuru watu. Kina ngazi nne. Ngazi ya juu kabisa, kwa mfumo unaofanya kazi mfululizo, inadai kwamba hitilafu ya hatari isitarajiwe zaidi ya mara 1 katika saa milioni 100. Hesabu hiyo inawezekana kwa sababu vipuri huharibika kwa bahati, na bahati ina kanuni zake. Mdukuzi hana kanuni hizo. Akishindwa leo atarudi kesho kwa njia nyingine, na akifaulu mara moja atafaulu kwenye mitambo yote ya aina ile kwa siku moja. Kuweka mambo mawili yenye hesabu tofauti namna hiyo chini ya neno moja, wanasema, ni kumwalika mtu atumie hesabu ya huku kule.

Hoja ya pili ni ya uwazi. Elimu ya ajali hukua kwa kusambazwa: ripoti ya ndege iliyoanguka huchapishwa ili marubani wa dunia nzima wajifunze. Mpango wa kulinda kiwanja cha ndege ukichapishwa, umekwisha kazi. Mtu mmoja analipwa aseme, mwingine analipwa anyamaze, na vyeo vyao kwa Kijerumani vinaweza kuanza kwa neno moja: Sicherheitsingenieur ni mhandisi wa kuzuia ajali, Sicherheitsdienst ni kampuni ya walinzi.

Kisha kuna mlango. Anayezuia ajali anataka mlango ufunguke upesi, kwa sababu moto ukiwaka watu watoke. Anayezuia uvamizi anataka mlango huohuo usifunguke. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, milango ya vyumba vya marubani iliimarishwa na kuwekewa vifungo vinavyoweza kumzuia hata mwenye namba ya siri iwapo aliye ndani hataki aingie. Machi 24, 2015, ndege ya Germanwings iliyotoka Barcelona kwenda Düsseldorf ilianguka katika milima ya Alps nchini Ufaransa, na watu wote 150 waliokuwamo wakafa. Rubani mkuu alikuwa ametoka. Msaidizi wake alijifungia ndani na kuishusha ndege kwa makusudi. Mlango ulifanya kazi yake barabara. Ulimzuia mtu wa nje asiingie, na safari hii mtu wa nje ndiye angeokoa maisha.

Mara nyingi mkasa huu hutajwa kama ushahidi kwamba lazima maneno yawe mawili, kwani ulinzi uliua usalama. Mimi nausoma vingine. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zina toleo la Kiingereza, zenye safety na security kila moja mahali pake, na kila moja na kiambatisho chake katika Mkataba wa Chicago. Lufthansa, kampuni mama ya Germanwings, inafikiri kwa Kijerumani chenye neno moja. Mwenye maneno mawili na mwenye neno moja waliununua mlango uleule. Siku chache baada ya ajali, EASA, shirika la Umoja wa Ulaya lenye makao yake Köln, lilipendekeza kwamba wakati wote wawepo watu wawili katika chumba cha marubani. Mwaka 2017 mashirika ya Ujerumani yaliuacha utaratibu huo, moja ya sababu zilizotolewa ikiwa kwamba kuufungua mlango mara nyingi zaidi kunaleta hatari yake. Mvutano ule uko kwenye mlango wenyewe, na kamusi haiwezi kuuondoa.

Upande wa pili, wa wanaotetea neno moja, una hoja ambayo miaka ya karibuni imepata nguvu. Mwaka 2017 iligunduliwa programu hasidi iliyopewa jina la Triton, katika kiwanda cha kemikali za petroli nchini Saudi Arabia. Haikulenga kompyuta za ofisini. Ililenga vidhibiti vya Triconex, yaani mfumo ambao kazi yake pekee ni kuzima mtambo kabla haujalipuka au kuvuja sumu. Hiyo ilikuwa hujuma dhidi ya kinga ya ajali: security ikivunjwa ili safety isiwepo. Bahati nzuri vidhibiti vilipogundua kasoro vilijizima na kusimamisha mtambo, kama vilivyotengenezwa kufanya. Miaka miwili kabla, watafiti wawili Marekani walionyesha kwamba wanaweza kuingilia gari aina ya Jeep kupitia mtandao, wakiwa mbali, likiwa barabarani. Fiat Chrysler, mtengenezaji wake, ikayaita magari milioni 1.4 yarekebishwe. Breki ya gari inayoweza kushikwa na mtu aliye mji mwingine iandikwe kwenye hati ipi? Viwango vya magari vimetengana: ISO 26262 kwa hitilafu, ISO/SAE 21434 kwa mashambulizi. Katika makampuni mengi vinasomwa na watu wa idara mbili wasiokula chakula cha mchana pamoja. Neno moja haliwalazimishi kukaa meza moja, lakini angalau haliwapi kisingizio cha kutokaa.

Mtu anaweza kudhani, basi, kwamba Kijerumani kimekwama na neno pana lisilo na makali. Sivyo. Kijerumani huweka tofauti mbele ya neno badala ya kulibadili. Tazama usafiri wa anga: Flugsicherheit ni kuruka bila ajali, Luftsicherheit ni kuilinda anga na abiria dhidi ya watekaji na washambuliaji, na Flugsicherung, ambayo kwa jicho la haraka inaonekana ni ileile, ni kazi ya waongoza ndege. Anayeandika security kwenye Flugsicherung amempeleka mwongoza ndege kukagua mabegi. Kwenye chakula ni hivyohivyo. Lebensmittelsicherheit ni chakula kisichodhuru mlaji, Ernährungssicherheit ni watu kuwa na chakula cha kutosha. Kiingereza hapo kinabadili neno la pili: food safety na food security. Kiswahili cha serikalini kilisema usalama wa chakula kwa yote mawili, mpaka uhakika wa chakula ulipoanza kuzoeleka kwa hili la pili. Na uhakika, kwa bahati, ni maana nyingine kabisa ya Sicherheit.

Hata ule mpaka wa Kiingereza unavuja ukiukagua. Kasha la chuma la kuzuia wezi, lile tunaloliita sefu, kwa Kiingereza linaitwa safe, ingawa kazi yake yote ni security. Kufunga mizigo kwenye lori isianguke, Ladungssicherung kwa Kijerumani, Mwingereza huita load securing, na hakuna adui popote katika habari hiyo, ila kona na breki. Mafao ya uzeeni ni social security. Maana za nia na ajali ziliwekwa na wahandisi juu ya maneno yaliyokuwa na maisha yake tayari. Wafaransa, ambao nao wana maneno mawili, wametuachia kituko ambacho wafasiri wa Kongo na Burundi wanakijua vizuri: katika usafiri wa anga sûreté ndiyo security na sécurité ndiyo safety, lakini ukiingia kwenye nyuklia yanageuka, sûreté nucléaire inakuwa safety. Maneno mawili hayakuwaokoa na mkanganyiko. Yamewapa mkanganyiko wenye pande mbili.

Nasaba ya neno nayo ni mtego. Sicher ya Kijerumani na security ya Kiingereza zote zimetoka kwenye securus ya Kilatini, isiyo na wasiwasi. Anayeanza kutafsiri huvutwa na ujamaa huo na kuandika security kila mahali. Katika hati za mitambo atakosea mara nyingi kuliko kupatia. Betriebssicherheitsverordnung, kanuni ya Ujerumani ya mwaka 2002 iliyoandikwa upya 2015, haihusu walinzi wa getini hata kidogo: inahusu ngazi, boila, lifti na vifaa vya kazi. Kwa upande mwingine BSI, ofisi ya shirikisho iliyoanzishwa 1991 kushughulikia Sicherheit ya teknolojia ya habari, hujitambulisha kwa Kiingereza kuwa ni ya Information Security, na hapo ni sahihi.

Linaloniumiza kichwa zaidi kuliko yote ni Ausfallsicherheit. Ausfall ni kuharibika au kuacha kufanya kazi. Wengi huandika fail-safe, na inasikika vizuri. Ila fail-safe ya Kiingereza ina maana finyu: kifaa kikiharibika, kiharibikie upande usiodhuru. Breki za hewa za treni ni mfano; hewa ikivuja, treni inasimama. Ausfallsicherheit katika vyumba vya seva kwa kawaida ni kinyume cha hapo, yaani mfumo usisimame, kimoja kikifa kingine kichukue nafasi. Treni inayosimama kila hewa inapovuja ni fail-safe kamili na abiria wamechelewa kazini. Mteja aliyeahidiwa la pili akapewa la kwanza atakwenda mahakamani, na atakuwa na haki.

Kwenye data nako kuna ndugu watatu: Datenschutz ni ulinzi wa taarifa binafsi, Datensicherheit ni kuzuia data isiibwe, isichezewe wala isipotee, Datensicherung ni kuweka nakala ya akiba tu. Sicherung peke yake, kwa fundi umeme, ni fyuzi.

Wajerumani wenyewe wanasemaje? Katika mikutano ya wahandisi siku hizi utasikia sentensi ya Kijerumani safi yenye Safety na Security ndani yake, bila kutafsiriwa. Wapo wanaopendelea Betriebssicherheit kwa moja na Angriffssicherheit, yaani dhidi ya shambulio, kwa jingine, lakini maneno ya Kiingereza ni mafupi na yanashinda. Watetezi wa mgawanyo wanaweza kusema huo ni ushindi wao. Kwa sehemu ni kweli: watu hawaazimi wasichokihitaji. Lakini Wajerumani wameyachukua maneno hayo yakiwa na maana nyembamba ya kihandisi tu, bila sefu wala mizigo ya lori, na Sicherheit imebaki juu yake kama jina la vyote. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hali bora kati ya zote tatu: neno moja tu, maneno mawili tu, au vyote pamoja. Una neno la kumwita mkuu wa kitengo aliye na dhamana ya jumla, na una maneno ya mafundi walio chini yake.

Kwa Kiswahili kuna kishawishi cha kusema usalama uwe safety na ulinzi uwe security, tumalize. Nakipinga. Ulinzi na usalama tayari vina ndoa yao serikalini, ambapo ulinzi ni wa jeshi na usalama ni wa polisi na wapelelezi, na Kenya waziri wa usalama wa ndani hashughulikii ngazi wala boila. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania inashughulikia Datenschutz, ambayo si ulinzi wa getini. Ukilazimisha mgawanyo huo kwenye mwongozo wa mashine, msomaji ataleta maana za huko nje. Afadhali njia ya Kijerumani, ambayo sarufi yetu inaiweza bila shida: usalama dhidi ya hitilafu, usalama dhidi ya uvamizi, usalama wa mitambo kazini. Ni ndefu kidogo. Mikataba haijawahi kuogopa urefu.

Na kwa anayetoka Kijerumani kwenda Kiingereza, jaribio zuri ni Sicherheitskonzept, hati inayodaiwa kwa matamasha na mikusanyiko mikubwa. Ndani yake kuna njia za kutokea, idadi ya watu, zimamoto, huduma ya kwanza, pamoja na walinzi. Julai 24, 2010, katika tamasha la Love Parade mjini Duisburg, watu 21 walikufa katika msongamano kwenye njia ya kuingilia, hakuna aliyewashambulia. Hati ya namna hiyo ikitafsiriwa security concept, Mwingereza atatafuta ndani yake majina ya walinzi na kamera, na ukurasa wa msongamano ataufikia akiwa amechoka. Andika safety and security, hata kama mhariri atalalamika kwamba umetumia maneno mawili pale Mjerumani alipotumia moja.