Goti limegusa lami, sasa mikono inafanya nini?

Wikendi iliyopita kuna picha ilizunguka kwenye kila grupu la WhatsApp la waendesha pikipiki ninalolijua. Jamaa yuko katikati ya kona, suti ya ngozi mpya kabisa, slaida ya goti, kile kipande cha plastiki kinachobandikwa gotini mwa suti, inakwaruza lami. Chini yake watu wamemwaga emoji za moto, "umeua chali yangu", "Márquez wa Nairobi" (wakimaanisha Marc Márquez, Mhispania mwenye mataji mengi ya dunia ya mbio za pikipiki), na kadhalika. Nikaikuza ile picha. Goti liko chini, sawa. Lakini kichwa kiko juu ya tangi, tena kimeelekea upande wa nje, kama mpangaji anayechungulia dirishani mwenye nyumba akipita. Makalio yote mawili yametoka kwenye kiti. Paja la nje limeachana na tangi, unaona mwanga katikati. Mkono wa nje umenyooka, na vidole vimeukaba usukani hadi glavu imejikunja. Yaani mtu mzima ananing'inia kwenye pikipiki kwa mkono mmoja, na sisi tunampigia makofi.

Hii ibada ya goti imenichosha.

Mike Hailwood, Mwingereza wa mbio za pikipiki, alichukua mataji 9 ya dunia akiwa amekaa katikati ya kiti, bila kutoa mwili nje. Mtindo wa kutoa mwili nje ulikuja baadaye, na Jarno Saarinen wa Finland, bingwa wa 250cc mwaka 1972, alikuwa miongoni mwa walioanza kuuonyesha. Mmarekani Kenny Roberts, bingwa wa 500cc 1978, 1979 na 1980, ndiye aliyefanya dunia nzima iige. Hao hawakuwa wanatafuta picha. Tairi zilianza kushika vizuri zaidi, pikipiki zikawa zinalala zaidi, na goti likafika chini kwa sababu mwili ulikuwa umeshahamia ndani. Sisi tumegeuza: goti kwanza, mwili utajijua wenyewe.

Hesabu yenyewe haihitaji shahada. Ukipita kona yenye nusu kipenyo cha mita 80 kwa kilomita 100 kwa saa, wewe na pikipiki kwa pamoja lazima mlale karibu nyuzi 45. Hilo halibadiliki hata ukae vipi. Unachochagua ni nani alale zaidi, wewe au pikipiki. Chukua pikipiki ya kilo 200, na wewe na suti yako kilo 80. Ukisogeza mwili mzima sentimita 15 kwenda ndani, kitovu cha uzito wenu wa pamoja kinasogea sentimita 4 na ushee, na pikipiki inanyooka kama nyuzi 4 zaidi kwa mwendo uleule. Nyuzi 4 ni kidogo? Sema hivyo ukiwa umeshalala mpaka pedeli ya kuwekea mguu inachora lami. Ndizo zinazokuachia ukingo wa tairi ambao hujautumia bado, zinazoipa shokamzoba nafasi ya kupanda na kushuka, na zinazokuruhusu kufungua mafuta mapema ukitoka. Sasa mtu akitoa makalio ndani halafu kifua akakirudisha nje, ametoa kwa mkono huu na kuchukua kwa mkono ule. Goti limegusa chini, nyuzi alizopata hazipo, na amechoka bure.

Hata hivyo, kichwa na kifua si ndivyo vinavyonikera zaidi. Ni mikono.

Kila mtu anayejua pikipiki anajua kwamba kwa mwendo wa kasi, ili uende kulia unasukuma usukani wa kulia mbele, au unavuta wa kushoto. Sasa fikiria uko kona ya kulia, mwili wote umetoka, na hakuna kinachokushika isipokuwa mkono wa kushoto. Uzito wako unavuta ule usukani, utake usitake. Pikipiki inasikia amri: lala zaidi. Wewe hukutaka ilale zaidi, kwa hiyo mkono wa kulia unakaza kuizuia. Mikono miwili inapigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya kona, na anayeumia ni tairi la mbele, ambalo linahitaji kutikisika kidogo kila linapokutana na kiraka au tuta dogo. Ukilifunga kwa mikono migumu, kila mshtuko unakuja kwenye mabega yako na kurudi kwenye raba. Halafu mtu anaanguka, anafika pembeni akipangusa vumbi na kusema, "Sijui, mbele imeponyoka tu." Imeponyoka tu! Ikaamua.

Mwili wakati wa kona unashikwa na mguu wa nje. Si mkono, si goti la ndani. Kanyaga pedeli kwa mpira wa mguu, ule unono ulio nyuma ya vidole, si kwa katikati ya buti. Kisha nyanyua kisigino kidogo, na paja linabanwa lenyewe kwenye shavu la tangi. Hapo umejifunga. Toa kalio moja tu nje ya kiti, si mawili. Hilo la pili ndilo la kukalia. Acha upana wa ngumi kati yako na tangi ili kiuno kiweze kugeuka, kwa sababu ukikaa umegandamana na tangi mwili unalizunguka na kukutupa nje, na ndivyo kichwa kinavyoishia upande usio wake. Kiwiko cha ndani kiwe kimekunjika na kulegea. Kama ukiwa katikati ya kona huwezi kuchezesha vidole vya mkono wa nje juu ya usukani, basi bado unaning'inia kwenye usukani.

Jaribu nyumbani. Weka pikipiki kwenye stendi ya nyuma, mtu akushikie kwa mbele, toa kalio moja, banisha paja, inama mpaka kidevu kiwe karibu na mkono wa ndani, halafu achia mikono yote miwili. Wengi wanaporomoka papo hapo. Tumbo linatetemeka, paja linawaka moto, na jamaa anagundua kwamba kwa muda wote huo alikuwa abiria.

Kichwa: kipeleke pale ambapo kioo cha pembeni kingekuwa, na macho yatangulie kwenye njia ya kutokea. Kuhama: hamisha kalio kabla ya kushika breki, pikipiki ikiwa bado imesimama wima, si wakati unageuka, ukichelewa pikipiki itayumba na utadhani ni shokamzoba.

Haya, nikubali machache, ingawa sipendi. Goti lina kazi: linakupimia umelala kiasi gani, na Marc Márquez ametuonyesha mara nyingi, pikipiki ikiwa imepita nyuzi 60, kwamba goti na kiwiko vinaweza kuokoa kitu kilichokuwa kimeshaanguka. Lakini huyo ni Márquez. Mick Doohan, Mwaustralia wa 500cc, naye alikuwa na mkao ambao mwalimu yeyote wa leo angeukosoa, na alichukua mataji 5 mfululizo, 1994 hadi 1998. Na yule wa boda anayepita murram akiwa amekaa wima huku pikipiki imelala chini yake yuko sahihi kabisa, kwa sababu kwenye changarawe unataka uweze kuidaka ikiteleza. Hajaiga mtu, amefundishwa na barabara.

Kinachonikasirisha hasa ni kwamba tunaojifunzia Southern Bypass, ile barabara kuu ya pembezoni mwa Nairobi, katikati ya malori, tunajifunza mkao wa picha. Treki ya mashindano ina nafasi ya kukosea. Bypass ina chuma cha ukingoni.

Na kama paja linateleza kwenye tangi, linateleza kwa sababu ngozi ya suti na rangi inayong'aa haviwezi kushikana. Kuna vipande vya raba vya kubandika kwenye mashavu ya tangi. Havihitaji fundi, vinabandikwa jioni moja ukishasafisha tangi kwa spiriti. Lakini pita kwenye maegesho siku ya treki uhesabu egzosi mpya, kisha uhesabu tangi zenye raba. Egzosi inasikika, bwana. Raba nani ataisikia?