Malengelenge kwenye boti ya faiba: ubandue yote au uzibe yaliyotoka?

Boti ya faiba ikipandishwa ikakwanguliwa, chini kukaonekana malengelenge, mafundi wengi jibu lao ni moja tu: bandua jelikoti (ngozi ya nje ya boti) yote, kausha, piga epoksi (rezini ngumu ya kuzuia maji) upya. Anayesema tuzibe yaliyotoka halafu tuirudishe majini anaonekana bahili, au hajui boti. Mi naona huyu bahili hasikilizwi vizuri.

Wa kubandua wana hoja, tusiwaonee. Jelikoti ina unene wa kama nusu milimita tu na ni poliesta, maji yanapenya polepole, yanakuta mabaki ya rezini (gundi inayoshikanisha faiba) ambayo hayakushikana vizuri, mabaki yanayeyuka na kuvuta maji mengine, presha inapanda, ngozi inavimba. Ukitoboa lengelenge kinaruka kimaji chenye harufu kama ya siki (vaa miwani aisee). Sasa ukiziba matatu leo, chanzo bado kipo pembeni, yatatoka mengine, na siku ya kuuza mnunuzi akiona viraka anakushusha bei. Na kama mati zenyewe (matabaka ya nyuzi za faiba) zimeanza kuachana, ukigonga unasikia mlio butu, hapo hakuna mjadala, bandua.

Ila mengi hayajafika huko. Ni madogo, yamekaa kati ya jelikoti na mati ya kwanza, boti inatembea nayo miaka, na kuzama kwa ajili ya malengelenge ni kitu adimu mno.

Shida yangu kubwa na kubandua iko kwenye kukausha. Boti inabanduliwa, inaachwa juani wiki mbili, fundi anapapasa anaona pakavu, anapiga epoksi. Wiki mbili! Kilichomo ndani siyo maji matupu, kuna glaikoli (mojawapo ya yale mabaki ya rezini), ambayo maji yakichemka kwenye nyuzi 100 yenyewe inasubiri mpaka 188 hivi, kwa hiyo jua la Bagamoyo liwake linavyotaka, litaondoa maji na glaikoli itabaki pale pale ikivuta unyevu wa hewani kama chumvi kwenye kopo wakati wa masika. Inayoitoa ni kuosha, maji ya bomba, ya moto ukiweza, unaosha unaacha unaosha tena, ndo ukaushe, na hiyo ni kazi ya miezi. Ukiruka hapo umelipa hela ya kutosha kununulia injini ili ufungie ugonjwa ndani, maana malengelenge yanarudi chini ya epoksi mpya. Na mvuvi au mbeba watalii gani ana miezi ya kuacha boti juu bila kuingiza hata shilingi?

Anayeziba anachimba kila lengelenge mpaka akute faiba nzima, anaosha kasehemu kadogo, anasubiri, anajaza puti ya epoksi (siyo ile ya magari), anapiga msasa. Akikosea, kosa ni la ukubwa wa kiganja.

Boti mpya ndo inafaa kumwagiwa hela. Tabaka za nje rezini ya vinilesta (inazuia maji kuliko poliesta), hadina (dawa ya kugandisha rezini) ipimwe siyo kukadiria kwa jicho, siku ya mvua msilaze mati, halafu epoksi ya kama robo milimita kabla haijagusa maji. Na ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) msiisahau, maji yakilala humo yanaingia kwa ndani ambako jelikoti haipo kabisa, so kufua maji nako ni kinga.

Watu wanadhani chumvi ndo mbaya, kumbe maji ya ziwa ndo yanapenya kwa nguvu zaidi kwa sababu hayana chumvi ya kushindana na kile kimaji cha ndani. Boti inayovutwa nchi kavu kila jioni inapata nafasi ya kupumua. Ile inayokaa majini mwaka mzima pale Mwanza, mwenyewe aiweke gharama ya epoksi kwenye bei ya kununulia kabisa, asisubiri ipandishwe.