Kabla hujanunua seva kubwa, hesabu SELECT zako

Jumamosi iliyopita nilikaa na vijana watatu Kirumba, hapa Mwanza, kwenye kibanda cha sato wa kukaanga ambacho sitakitaja, maana kikijaa nitakosa kiti. Wanaandika programu, wanajituma, na mtu akinialika sato sina ubavu wa kukataa. Tukisubiri ugali, mmoja akanionyesha ankara kwenye simu. Seva mpya, RAM mara nne ya waliyo nayo sasa. Mteja wao ana duka la pembejeo kule Igoma, ukurasa wa madeni ya wakulima unachukua karibu nusu dakika kufunguka, na wao kama wataalamu wameshamshauri bosi aongeze mashine.

Nikauliza, "Mmeangalia SQL inayotoka?" SQL ndiyo lugha ambayo programu huiuliza kanzidata, ghala lake la taarifa, na SELECT ni swali la "niletee".

Wakatazamana. Mkubwa wao akanijibu kwa heshima kabisa, kama anayemkumbusha mzee dawa zake: "Kaka, sisi tunatumia ORM. Hatuandiki SQL."

ORM ni mkalimani anayekugeuzia msimbo wako kuwa SQL, kwa hiyo jibu lake hilo limenikaa kooni kama mwiba wa sato. Hatuandiki SQL! Mimi nami situmii dizeli, napanda daladala tu.

Sikilizeni, wadogo zangu. SQL inaandikwa. Kila mnapogusa kitu chenye nukta katikati, kama risiti.mteja, kuna mtu anaiandika kwa niaba yenu na kuipeleka kwenye kanzidata, na mtu huyo ni mtiifu kupita kiasi. Mtume kijana wa mkokoteni pale Mwaloni, soko letu la dagaa, akuletee magunia mia nne. Akiwa na akili zake atakuuliza kwanza, "Bosi, nipakie yote kwa pamoja?" ORM haina swali hilo. Inaenda inaleta gunia moja, inarudi inaleta la pili, inarudi inaleta la tatu, haitoki jasho wala hailalamiki. Wewe unaona ukurasa umechelewa, unasema mtandao unasumbua.

Najua kwa sababu nilishawahi kuaibika, tena mbele ya watu wenye haraka.

Miaka kadhaa nyuma nilitengeneza mfumo wa risiti kwa mfanyabiashara mmoja wa dagaa pale Mwaloni. Django ya Python yenye ORM yake, PostgreSQL kama kanzidata, kila kitu kisafi. Karani anaandika risiti, ukurasa mmoja unaorodhesha risiti zote za siku: jina la mteja, mwalo (ufuko wanakoshushia wavuvi) mzigo ulikotoka, kilo, kiasi. Kwenye laptopu yangu nilikuwa na risiti nane za majaribio, ukurasa ukifunguka kabla sijaondoa kidole. Nikakabidhi, nikalipwa, nikanywa soda.

Baada ya muda simu zikaanza. Mfumo mzito. Nikienda kuangalia, mwepesi. Naondoka, wiki mbili kimya, halafu mzito tena. Nikabadilisha kampuni ya intaneti. Nikamshawishi mwenye mali alipie seva kubwa zaidi, akalipa miezi mitatu, Mungu anisamehe. Nikaweka kache, nakala ya ukurasa inayotunzwa kwa muda, yaani nikampaka manukato samaki aliyeoza: sasa karani akaanza kuona orodha ya robo saa iliyopita na kugombana na wateja waliokwishalipa.

Aliyegundua ugonjwa si mimi. Ni karani, dada mmoja ambaye hajawahi kuandika mstari hata mmoja wa Python. Nilifika alfajiri, akanisalimia "Mwangaluka" bila kuinua macho, kisha akasema, "Kaka, huu mfumo wako unaugua giza."

Giza kwa maana ya wavuvi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, taa haziwavuti, mitumbwi inapumzika. Giza likirudi, siku mbili tatu baadaye, dagaa wakishaanikwa na kukauka, mzigo unamiminika Mwaloni, na wanunuzi wa Kongo na Burundi wanapanga foleni. Dada yule alikuwa ameshaona kwamba mfumo unakuwa mzito mzigo ukiwa mwingi na mwepesi mwezi ukiwa mpevu. Mimi na digrii yangu nilikuwa napima kasi ya intaneti.

Nikakaa kwenye gunia, nikafungua laptopu, nikawasha logi ya django.db.backends, inayochapa kila SQL inayotoka, nikaita ukurasa wa siku ile. Terminali ikaanza kukimbia. SELECT, SELECT, SELECT, nikadhani imekwama. Haikukwama. Siku ile kulikuwa na risiti 412. Swali moja la kuzileta zote, kisha kwa kila risiti swali la jina la mteja, kisha swali la jina la mwalo. Jumla 825, kwa ukurasa mmoja. Na mialo yenyewe ilikuwa sita! Django haikumbuki kwamba imeshauliza. Inauliza upya kwa kila risiti. Kayenze inaitwaje? Kayenze. Inaitwaje? Kayenze. Igombe je? Igombe. Haya, tuambie tena Kayenze.

Kanzidata tulikuwa tumeiweka kwenye mashine nyingine, mbali na programu, na kila swali lilichukua kama milisekunde 20 kwenda na kurudi. Zidisha mwenyewe: sekunde 16 na nusu. Siku ya mbalamwezi yenye risiti 30 ni maswali 61, sekunde moja na kidogo, hakuna anayelalamika. Seva kubwa ingesaidia nini hapo? Seva haikuwa imechoka hata kidogo. Ilikuwa inasubiri njiani, ikifuata gunia moja moja.

Dawa ilikuwa select_related('mteja', 'mwalo'), yaani leta risiti na hivyo viwili kwa safari moja. Mstari mmoja, hata huo haukujaa. Maswali 825 yakawa moja. Karani akafungua ukurasa, akautazama, akaniangalia mimi, akaendelea na kazi. Hakusema asante, na sikustahili.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu anasema "hatuandiki SQL" naona ile miezi mitatu ya seva ambayo sikuirudisha. Na usiniambie ni elimu ya siri. select_related imo kwenye Django tangu enzi zake za mwanzo, na prefetch_related, ya pale kitu kimoja kinapokuwa na vingi, ilikuja na toleo la 1.4 mwaka 2012. Wapo mnaowaajiri leo ambao mwaka huo walikuwa shule ya msingi.

Tena hata prefetch_related ina mtego, na wajuaji ndio wanaonaswa. Umeleta madeni yote ya wakulima kwa prefetch, safi. Halafu ndani ya kitanzi kinachopitia wakulima unaandika mkulima.madeni.filter(yamelipwa=False). Hiyo filter inatupa ulichokwishaleta na kwenda kuuliza upya, mkulima mmoja mmoja. Umelipia mkokoteni uliojaa, ukaumwaga, ukaanza tena gunia moja moja. Chuja kwa Python ya kawaida kwenye orodha uliyo nayo, au tumia Prefetch yenye queryset yake, swali lililokwishachujwa, ndani. Lakini utajuaje kama hujatazama logi?

Wa SQLAlchemy, ORM nyingine ya Python, msinicheke. Nyinyi mna echo=True kwenye create_engine, neno moja la kuchapa kila SQL, na bado nakuta watu wanakisia. Mna hata lazy="raise", inayokataa katakata kwenda kuleta kitu kimyakimya na kukupigia kelele badala yake. Ningeamuru iwashwe kwenye kila mashine ya mafunzo Mwanza nzima. Na lile kosa la QueuePool, bwawa la miunganisho ya kanzidata, mnalolitibu kwa kuongeza pool_size? Kwa kawaida miunganisho ni 5, ikizidi inaruhusiwa 10 ya ziada, anayeomba wa kumi na sita anasubiri sekunde 30 kisha anatimuliwa. Mara nyingi hamjapungukiwa. Kuna mahali session, mazungumzo na kanzidata, inafunguliwa haifungwi, kama bomba linalovuja na wewe unanunua tenki kubwa. Ongeza tu. Ukiwa na michakato minane, kila mmoja na miunganisho 15, hiyo ni 120, na PostgreSQL isiyoguswa mipangilio inapokea 100. Umehamisha tatizo kutoka jikoni kwenda sebuleni.

Ngoja niseme na hili, ingawa linaniuma: ORM imenisaidia. Kabla yake nilikuwa naandika SQL kwa kuunganisha maneno, jina la mteja nalichomeka katikati ya ritifaa mbili. Sasa jaribu hivyo Usukumani. Mteja wa kwanza mwenye jina la ng' yenye ritifaa akavunja swali katikati, na mfumo ukalala. Wenzetu wa kwingine wanafundishwa hatari hiyo darasani kwa mifano ya wadukuzi. Sisi tunafundishwa na wajomba zetu, kwa majina yao tu. ORM inapeleka thamani kando na swali, kwa hiyo ritifaa inabaki kuwa ritifaa. Uhamishaji wa majedwali, yaani kubadili muundo wake kwa mpangilio, nao ni mtamu, sibishi. Haya, nimekiri, tuendelee.

Pesa kwenye FloatField, namba za desimali za kukadiria: acha. Andika 0.1 + 0.2 kwenye Python uone kinachorudi si 0.3 kamili, halafu nenda kamweleze mama anayeuza dagaa kwa kilo kwa nini hesabu zake hazifungi.

SQLite, kanzidata ya faili moja, kwa makarani wawili wanaoandika kwa pamoja: mwandishi ni mmoja kwa wakati, mwingine anangoja, akichoka anaambiwa kanzidata imefungwa. Si hitilafu, ndivyo ilivyoumbwa.

Indeksi, faharasa ya kutafutia haraka, kwenye funguo za nje zinazounganisha majedwali: Django inakuwekea, PostgreSQL peke yake haikuwekei, na SQLAlchemy inangoja uiombe.

Na saa. Hili linahitaji pumzi kidogo kwa sababu liliniletea ugomvi wa kweli. Mzigo wa visiwani uliingia saa nane usiku, risiti ikaandikwa, asubuhi ripoti ya leo haina mzigo huo. Mwenye mali akaanza kumtazama karani kwa jicho baya. Kumbe nilikuwa nimeacha TIME_ZONE ikiwa UTC, saa ya Greenwich, kama mradi mpya wa Django unavyokuja. Sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo saa nane ya usiku wetu kwa mfumo ilikuwa bado saa tano usiku, jana yake. Kila kilichouzwa kati ya saa sita usiku na saa tisa kilikuwa kinarudishwa jana. Kwa duka la nguo usingejua maisha yako yote, maana nani ananunua shati saa nane usiku? Mwaloni hawalali. Mstari mmoja tena: 'Africa/Dar_es_Salaam'. Na tena ningeuona siku ya kwanza kama ningesoma tarehe zilizokuwa zinapelekwa kwenye WHERE, kichujio cha SQL, badala ya kuiamini Python yangu nzuri.

Sisemi mtupe ORM. Mimi mwenyewe sitaki kurudi kwenye kuunganisha maneno. Ninachokataa ni mtu kulipwa kwa kuendesha kitu ambacho hajawahi kufungua boneti yake. Andika jaribio lenye assertNumQueries, useme ukurasa huu ni maswali matano kamili, siku mwenzako akiongeza nukta moja kwenye kiolezo cha ukurasa jaribio lianguke kabla mteja hajaanguka. Swali likiwa moja na bado zito, hapo ndipo uende EXPLAIN ANALYZE usome kanzidata inapita wapi. Baada ya hapo, kama bado, njoo tuongee seva. Nitakuja na kalamu kusaini ankara mwenyewe.

Basi pale Kirumba nikamwambia mkubwa wao afungue laptopu. Akasita, mikono ina mafuta, akanawa. Akawasha logi, akaita ukurasa wa madeni. Sote tukainamia kioo. Mistari ikaanza kushuka, ileile, inabadilika namba ya mkulima tu mwishoni. Mdogo wao, ambaye muda wote alikuwa anashughulika na kichwa cha sato, akauliza, "Hizi zote ni za ukurasa mmoja?" Hakuna aliyemjibu. Mwenye kibanda akapita kuuliza kama tuongezewe ugali, akatuona tulivyokodoa macho, akarudi zake jikoni.

Mkubwa akachukua simu akatoka nje kumpigia bosi, ile ankara isilipwe kwanza. Alirudi baada ya dakika mbili akakaa kimya, akamega ugali uliokwishapoa.

Bosi alikuwa ameshalipa tangu asubuhi. Tena ya mwaka mzima, kulikuwa na punguzo.