Mtumbwi Uliorudi Mtupu, Nani Atauandika?

"Kupima samaki nako kunasomewa?" Mama mmoja mwenye beseni la dagaa mapajani aliuliza hivyo kwenye daladala ya Igombe, Mwanza. Alikuwa akimuuliza kijana aliyekaa pembeni yake, ambaye alikuwa amejigamba kwamba anasubiri majibu ya chuo cha uvuvi. Kijana akajibu: ndiyo mama, miaka mitatu. Gari zima likacheka. Mama mwenyewe hakucheka, kwa sababu hakuwa anakejeli. Alishangaa kwa dhati, maana yeye anapima samaki tangu ana miaka minane.

Swali lake huulizwa kwa maneno ya kistaarabu zaidi kwenye vikao vya halmashauri na vya miradi. Kuna haja gani ya kumsomesha fundi sanifu wa uvuvi, huyu tunayemwita bwana samaki, kuanzia cheti cha awali hadi stashahada kwenye vyuo vya uvuvi vya Nyegezi, Mbegani au Kibirizi, kisha kumlipa mshahara wa serikali? Karibu kila mwalo, yaani ufukwe wa kushushia samaki, una BMU, kikundi cha wenyeji cha kusimamia rasilimali za uvuvi, na BMU haikosi kijana aliyemaliza kidato cha nne, ana simu janja na anawajua wavuvi wote kwa majina. Mpe semina ya siku mbili, ubao wa kupimia, mizani na posho, kazi iende.

Hoja hii si ya kupuuza, na wanaoitoa si wabanaji wa bajeti peke yao. Kijana wa mwaloni anaamkia pale pale. Mitumbwi ya dagaa inatia nanga alfajiri, taa za kuvulia zikiwa bado zinawaka, na ikifika saa mbili mzigo umeshagawanywa, nusu uko kwenye vichanja na nusu njiani kwenda Kirumba. Bwana samaki mwenye mialo sita na pikipiki isiyo na mafuta anafika saa nne, anakuta magamba na kunguru. Halafu kuna majina. Mtu wa mwaloni anatenganisha furu kwa rangi na umbo, wakati mhitimu mpya anawaita wote furu basi. Pwani ni hivyo hivyo: neno changu limebeba samaki wa aina nyingi, na mvuvi wa Kilwa anazitofautisha bila kufungua kitabu.

Kubwa zaidi ni kuaminiana. Bwana samaki ndiye huyo huyo anayekagua leseni na kukamata nyavu haramu kama timba na makokoro. Baada ya Operesheni Sangara ya 2018, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, na nyavu zilizoteketezwa kwa moto, hakuna mvuvi anayemwona akija na daftari akadhani amekuja kusalimia. Akitokea yeye, sangara wa chini ya sentimita 50, ambao sheria inakataza kuwavua, wanayeyuka. Daftari lake linaonyesha ziwa la watu watiifu kupindukia. Kijana wa BMU anawaona samaki wale, na akitaka anawaandika.

Hadi hapo, kama ningekuwa mjumbe wa kikao, ningenyoosha mkono upande wa kijana. Kinachonirudisha nyuma ni mtumbwi mtupu.

Hakuna anayepima samaki wote wa Ziwa Viktoria, wala haiwezekani. Tangu mwaka 2000 nchi tatu zenye ziwa, chini ya shirika lao la uvuvi lenye makao Jinja, Uganda, zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi kila baada ya miaka miwili hivi: mialo mingapi, mitumbwi mingapi, nyavu za aina gani. Kati ya sensa na sensa, watu wanakwenda kwenye mialo michache, kwa siku chache, wanapima mitumbwi michache. Kisha wastani wa mtumbwi mmoja unazidishwa kwa idadi ya mitumbwi yote. Kila kitu kinategemea huo wastani, na wastani unategemea ni mitumbwi ipi iliyochaguliwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalo una mitumbwi 200, na mwezi una siku 20 za kuvua. Asubuhi moja inachaguliwa mitumbwi 10. Saba imeleta kilo 40 kila mmoja, mitatu imerudi mikavu. Wastani wa kweli ni kilo 28, na mavuno ya mwezi ni tani 112. Aliyepima ile saba tu, kwa sababu ile mitatu haikuwa na cha kupima, atapata wastani wa kilo 40 na mavuno ya tani 160. Tani 48 zimezaliwa kwenye karatasi, na kwa mwezi huu mmoja, kwenye mwalo huu mmoja.

Mtu atasema kosa ni kosa, mradi liwe lile lile kila mwaka, mwelekeo utaonekana. Hapo ndipo mfano unapouma. Rudi mwalo huo huo baada ya miaka mitano, ziwa limechoka. Sasa mitumbwi sita kati ya kumi inarudi mitupu, na minne iliyobahatika bado inaleta kilo 40. Wastani wa kweli umeanguka hadi kilo 16. Aliyezoea kupima wenye mzigo ataandika 40, kama alivyoandika miaka mitano iliyopita. Samaki wanapungua, kosa linakua, na mstari kwenye chati umenyooka kama uzi wa ndoana. Leseni zitaendelea kutolewa kwa sababu takwimu zinasema hali ni shwari, na mvuvi atakayelalamika kwamba ziwa limekauka ataambiwa hajui kuvua.

Hili si tishio la kutunga. Huko Newfoundland, Kanada, uvuvi wa chewa wa Atlantiki (cod) ulifungwa mwaka 1992 na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Sehemu ya kosa ilikuwa kuamini mavuno ya meli kubwa, ambazo ziliendelea kujaza matumbo kwa sababu zilijua kuwafuata samaki wachache waliobaki mahali walikojikusanya. Na hao walikuwa na wataalamu wa kila aina.

Sasa kwa nini kijana wa semina ya siku mbili auruke mtumbwi mtupu? Si uvivu. Fomu inauliza kilo, na pale hakuna kilo. Tena ni jirani yake. Nani anataka kumwendea mtu aliyekesha majini, amechoma lita 20 za petroli ya tajiri na kurudi bure, amuulize amepata nini?

Nilisimama mwaloni alfajiri moja na binti aliyekuwa kwenye mafunzo ya vitendo. Kabla mitumbwi haijafika alikuwa ameandika namba zake kwenye vikaratasi, akavikunja, akavitia kwenye kofia na kuokota vinane. Kikaratasi cha tatu kilikuwa cha mtumbwi ulioingia na watu watatu wasiosemezana. Nyavu zilikuwa zimekunjwa vizuri mno, dalili ya kwamba hazikusumbuliwa na kitu usiku kucha. Kijana wa BMU, mchangamfu na mwenye nia njema, akampigia kelele kutoka upande wa pili: "Dada, njoo huku! Huyu ana mzigo!"

Hakwenda. Aliwasogelea wale watatu, akasema poleni na kazi, wakaitikia tumeshapoa kwa sauti ya watu ambao hawajapoa. Akauliza wametoka saa ngapi, wametega nyavu ngapi, wametumia mafuta kiasi gani. Mzee wao akamtazama: "Unaandika nini na hatukupata kitu?"

"Naandika hicho hicho, baba."

Aliandika sifuri. Sijawahi kuona sifuri iliyotokwa jasho kama ile. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuhamia kwenye mtumbwi wenye samaki, akashangaa swali lenyewe, kama fundi cherehani aliyeulizwa kwa nini anapima kabla ya kukata. Mshangao ule haupatikani kwenye semina ambayo siku ya kwanza ni ufunguzi na ya pili ni posho. Unatokana na kukosea mbele ya mwalimu, ukarudishwa, ukakosea tena, mpaka mkono ukakataa wenyewe.

Mengine yako hivyo hivyo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi inalala nchi kavu. Kwa hiyo anayekwenda kupima wiki ya giza tu atapata ziwa tofauti kabisa na la anayegawanya siku zake mwezi mzima. Dagaa hao wanauzwa kwa ndoo, si kwa kilo. Lazima mtu apime ndoo kadhaa zilizojaa, zikiwa na maji na zikiwa zimechujwa, ajue ndoo ya mwalo ule ni kilo ngapi kabla ya kuanza kuhesabu ndoo. Na kuna sentimita. Uzito wa samaki hukua takriban kwa mchemraba wa urefu, kwa hiyo anayemvuta sangara kidogo kwenye ubao, wa sentimita 50 akasomeka 52 na nusu, amekosea asilimia 5 ya urefu lakini karibu asilimia 16 ya uzito, ikiwa uzito unakokotolewa kutokana na urefu. Tena amemvusha samaki kutoka ukingoni mwa sheria kwenda ndani ya sheria. Nusu kidole, basi.

Watetezi wa simu wananiambia programu siku hizi haikubali kuendelea bila kujaza kila kisanduku. Vizuri, na nimeziona zikifanya kazi. Ila simu haichagui mtumbwi. Inasubiri ule itakaoletewa.

Vyuo navyo visijione vimeshinda kesi. Wapo wahitimu wanaoweza kukutajia hatua zote za kukomaa kwa mayai ya sangara lakini hawajawahi kulala majini hata usiku mmoja, na wengine wanaogopa mtumbwi ukiyumba. Wanasoma kwa Kiingereza samaki watakaowauliza kwa Kiswahili, Kisukuma na Kikerewe. Vitendo vinabanwa kwenye wiki chache, mara nyingi msimu ambao chuo kina nafasi, si ambao samaki wapo. Na stashahada yenyewe imekuwa kwa wengi ngazi ya kutafutia ofisi mjini. Mtu aliyesomea mwalo akaishia kwenye kiti cha kuzunguka hana faida kwa mtumbwi mtupu wala uliojaa. Haya yote nayakubali, lakini nikiyatazama naona sababu ya kuhamishia mafunzo mwaloni. Sioni sababu ya kuyafupisha.

Wala hili la kumbukumbu si la wanasayansi peke yao. Mwaka 1999 soko la Ulaya lilipofungwa kwa samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, haikusaidia kusema tunawajua wavuvi wetu kwa majina. Mlango ulifunguliwa na ukaguzi, vipimo vya maabara na karatasi zinazoonyesha samaki ametoka mwalo gani. Tangu hapo anayesimama mwaloni na barafu, kipimajoto na daftari ni sehemu ya bei ya sangara, hata kama tajiri anamwona msumbufu.

Kwa hiyo wawepo wote wawili, lakini si kwa mgawanyo wa sasa ambapo kijana anaachiwa kazi na bwana samaki anabaki kusaini fomu. Kijana aandike kila alfajiri. Fundi sanifu achague mitumbwi, apange siku kwa kufuata mwezi, na arudie kupima sehemu ya kilichokwisha kupimwa bila kutoa taarifa. Na avuliwe ile kofia ya pili. Anayehesabu samaki asiwe ndiye anayebeba kiberiti cha nyavu. Hilo halitatatuliwa na mtaala wowote, ni uamuzi wa wizara na halmashauri, na bila huo hata mhitimu bora ataendelea kuonyeshwa sangara wakubwa tu.

Kuna jambo la tatu, linalohusu yule kijana aliyepiga kelele "ana mzigo." Asubuhi ile tulikunywa chai pamoja, chapati na dagaa wa kukaanga. Alikuwa ametulia, anamwangalia binti akipanga vikaratasi vyake kwenye bahasha. Akaniuliza fomu za chuo zinatoka mwezi gani. Nikamuuliza cheti chake kikoje. Cha kidato cha nne anacho, amekihifadhi kwenye mfuko wa nailoni nyumbani kwa bibi yake, ila baiolojia hakufaulu. Mafundi magari na waashi waliojifunzia mtaani wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wao kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kupewa cheti. Nilimweleza hivyo, akauliza kama na wa samaki upo. Nilipokosa jibu aliinuka, akaenda kusaidia kushusha mtumbwi wa mwisho, akawa anaita samaki mmoja mmoja kwa jina kadiri wanavyotua kwenye turubai.