Mgao wa Maji Dar ni Hatari kwa Afya, Tuache Kuuita Usumbufu

Maji yanapotoka kwenye mitambo ya Ruvu ni salama. Nalitanguliza hilo kwa sababu hapa Dar es Salaam wengi tunaamini kwamba maji ya bomba ni maji ya mto yaliyopitishwa tu kwenye chuma. Mto Ruvu unashuka kutoka milima ya Uluguru, na ukifika Mlandizi na Bagamoyo umeshabeba tope, samadi na kila kilichosombwa na mvua. Lakini mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa mwaka 1976 na baadaye kupanuliwa hadi lita milioni 270 kwa siku, na ule wa Ruvu Juu wenye uwezo wa lita milioni 196, ipo kwa ajili ya kuliondoa hilo. Tope linagandishwa kwa dawa, linatuamishwa, maji yanachujwa, kisha yanatiwa klorini. Hiyo ni kazi ya kitaalamu, na wanaoifanya wanastahili heshima.

Yanayoyapata maji hayo njiani kabla hayajafika Kimara, Tabata au Manzese ndiyo yanayonitia hofu.

Bomba likiwa limejaa na lina msukumo, hata likitoboka maji hutoka nje. Mtaani dimbwi litaonekana, tutalalamika, fundi atakuja, lakini uchafu hauingii. Maji yakikatwa mambo hugeuka. Bomba linabaki tupu, msukumo unaisha, na lile tundu lililokuwa linatoa sasa linavuta. Linavuta kilicho karibu yake ardhini, na katika jiji ambalo kaya nyingi zinatumia vyoo vya shimo na makaro, sote tunajua kilicho karibu. Siku ya pili maji yanarudi, yanasukuma yote hayo hadi kwenye ndoo. Yanang'oa pia kutu na tope lililotuama ndani ya bomba, ndiyo maana yale ya mwanzo huja na rangi ya chai na harufu ya kutu.

Hapo ongeza vishoka wanaounganisha mipira myembamba na kuipitisha ndani ya mitaro ya maji machafu, maungio yakiwa yamefungwa kwa vipande vya tairi. Ongeza na pampu za umeme ambazo wenye nyumba wanazifunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili kuvuta maji kabla ya jirani. Kila pampu ya namna hiyo inazidisha kule kuvuta nilikokueleza. Anayeifunga hamwibii jirani maji peke yake. Anamletea uchafu jikoni, yeye na watoto wake, na naye mwenyewe anaunywa.

Kwa hiyo mgao unaposemwa kuwa ni "usumbufu kwa wateja", naona tunakosewa. Oktoba na Novemba 2022, Ruvu ilipopungua kwa ukame na jiji likaingia kwenye mgao mkali, mazungumzo yote yalikuwa ya kiasi: lita ngapi zimepungua, eneo gani litapata siku gani. Lilikuwa swali la haki. Lakini ilipaswa tuambiwe pia kwa sauti ileile kwamba maji yatakayorudi baada ya siku mbili hayafai kunywewa bila kuchemshwa. Jiji hili lina kumbukumbu mbaya ya kipindupindu. Mlipuko wa mwaka 2015 ulianzia hapahapa, Agosti, kisha ukasambaa karibu nchi nzima.

Tumejifunza kuishi kwa kuhifadhi, na hifadhi nayo ina hatari zake. Klorini haikai milele. Shirika la Afya Duniani linashauri ibaki angalau miligramu 0.2 kwa kila lita pale maji yanapomfikia mtumiaji, ili iendelee kuua vijidudu. Maji yakikaa wiki kwenye tangi lenye joto juu ya paa, au kwenye pipa lisilo na mfuniko linalochotwa kwa kikombe cha kila mtu, kinga hiyo imekwisha. Ile harufu ya dawa tunayoilalamikia tukifungua bomba ni dalili kwamba kinga bado ipo.

Asiye na bomba hununua ya boza au ya mkokoteni, na hakuna anayemwambia yamechotwa kisima gani. Visima vingi vya jiji vina chumvi, na vingine vimechimbwa hatua chache kutoka kwenye karo. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kufanyike kweli, maji yatokote kwa nguvu walau dakika moja. Ila chumvi na kemikali nyingi haziondoki kwa moto. Na moto wenyewe ni mkaa au gesi, ambayo mama wa Buguruni anainunua kwa hela yake juu ya ankara ya maji aliyokwisha kulipa. Mwenye uwezo anaagiza dumu la lita 20 la maji ya kiwandani na suala linamwisha. Hilo linaniuma sana, kwa sababu watu ambao sauti zao zingesikika wamejitoa kwenye bomba, na wanaolitegemea wamebaki peke yao.

Bwawa la Kidunda linajengwa, na ninalitaka kwa moyo wote, maana litaupa mto maji ya kutosha wakati wa kiangazi. Ila maji mengi yakipita kwenye mabomba yaleyale mabovu yatavuja zaidi. Fedha za kufukua na kubadilisha mabomba ya mitaani ziwekwe pamoja na za bwawa, hata kama bomba lililo chini ya udongo halizinduliwi kwa utepe.

Na tupewe matokeo ya vipimo. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, hutoa ripoti kila mwaka kuhusu mamlaka za maji, lakini wastani wa mamlaka nzima haumsaidii mtu wa Kigogo kujua kama anywe au achemshe. Nataka vipimo vichukuliwe kwenye bomba la mwisho la mtaa, hasa siku maji yanaporudi baada ya mgao. Kupima klorini si jambo la maabara kubwa. Kuna kidonge kinachoyageuza maji kuwa ya rangi ya waridi ikiwa klorini ipo, na jibu linapatikana kwa dakika chache. Matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa na yatumwe kwa ujumbe wa simu, namba zilezile tunazotumiwa ankara kila mwezi.