Umande kwenye kioo cha darubini, hii kero jamani

Hakuna kitu kinanichosha kwenye kupiga picha za nyota kama umande. Yaani unafunga tripodi unaisawazisha, unaelekeza maunti (kile kitako kinachobeba na kuzungusha darubini) kwenye ncha ya anga, pale nyota zote zinapoonekana kuzunguka, ili ifuate nyota vizuri maana dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa na ukikosea kidogo tu nyota zinatoka vimistari, unafokasi mpaka nyota inakuwa kinukta, kamera inaanza kupiga za dakika 2 au 3, kila kitu safi. Mara picha zinaanza kuja na ukungu, nyota kali zimezungukwa na duara la mwanga, zile hafifu zimepotea kabisa. Ukimulika kioo cha mbele unakuta kimelowa chote.

Na kinachouma ni kwamba inatokea usiku mzuri kabisa, hakuna wingu, upepo umetulia, kwa sababu hapo ndo kioo kinapoteza joto lake kuelekea angani mpaka kinapoa kuliko hewa na unyevu unatua juu yake. Kufuta na kitambaa usithubutu, unakwaruza lile tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo, na umande wenyewe unarudi muda huohuo.

Sasa mbona mkanda wa kupasha kioo joto ili kisilowe unauzwa pembeni? Darubini za aina ya Schmidt-Cassegrain zina kioo mbele kabisa, wazi, zinalowa kuliko zote, na bado nyingi zinakuja bila mkanda wala kofia ya kukinga umande. Hiyo si anasa bwana, watengenezaji waweke kwenye boksi!