Zé Maria hakuja Kenya kutalii

Jumamosi kwa kinyozi, jamaa aliyevaa jezi ya kijani alisema Zé Maria, yule kocha Mbrazil, "alikuja Gor Mahia kutalii." Nikasimama, nywele nusu zimenyolewa, kumjibu. Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Kosa la Zé Maria lilikuwa nini? Mwaka 2016 aliipokea timu iliyokuwa imetwaa ligi ya 2015 chini ya Frank Nuttall bila kupoteza hata mechi moja. Yeye akamaliza wa pili nyuma ya Tusker, nasi tuliokuwa tumezoea ubingwa, miaka mitatu mfululizo, tukaona tumefedheheka. Sawa, wa pili si bingwa, na mimi mwenyewe niliumia. Lakini tulikuwa na hazina uwanjani na tukabaki kuhesabu vikombe tu.

Huyu alikuwa beki wa kulia wa Parma, Perugia na Inter, kule Italia ambako kukaba ni ufundi unaofundishwa. Alikuwamo katika kikosi cha Brazil cha Olimpiki ya Atlanta 1996, pamoja na Ronaldo, Bebeto na Roberto Carlos. Nusu fainali wakaiongoza Nigeria 3-1. Ikpeba akapunguza, Kanu akasawazisha dakika za mwisho, kisha Kanu huyo huyo akamaliza kazi kwa bao la dhahabu, lile la muda wa nyongeza linalomaliza mechi papo hapo, 4-3. Brazil ikarudi na shaba. Mtu aliyekuwa kwenye kikosi kile anajua uongozi unavyoponyoka mikononi. Mabeki wetu wangapi walikaa naye chini wakamuuliza?

Mdogo wangu ni beki wa kulia wa timu ya mtaa. Ana mapafu ya farasi. Makocha wote waliompitia wamemfundisha neno moja: butua! Hakuna aliyemwambia lini apande, lini abaki, wala asimame vipi winga akiwa na mpira upande wa pili. Mambo hayo Zé Maria aliyaishi kwa miaka, na alikuwa hapa hapa Nairobi.

Mwaka 2017 akaondoka kwenda KF Tirana ya Albania, timu iliyokuwa imeshuka daraja kwa mara ya kwanza katika historia yake. Msimu mmoja baadaye ikarejea ligi kuu. Mtalii hafanyi hivyo.

Jana jioni nilipita uwanja wa mtaa. Mdogo wangu alipokea mpira akiwa peke yake, hakuna wa kumsumbua. Akabutua.